Tupeane uzoefu: ndege wa ufuoni kabla kaskazi haijaisha

Mwamba wa Nyali

Jamani salamu. Kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini mashariki, imeanza kulegea, joto limetukaba, na wale ndege wa ufuoni wameshaanza kufunga virago. Huko Ulaya na Siberia baridi ndiyo kwanza yaachia, na huku wageni wetu wanajiandaa kurudi kwao. Machi mpaka katikati ya Aprili ndiyo miezi mitamu kwa anayependa kuwatazama. Nataka tupeane uzoefu: ulianzaje, wapi, na kisa gani hujakisahau. Mombasa na viunga vyake. Wa Kilifi na Kwale karibuni pia. Si lazima uwe na darubini.

Naanza mimi. Miaka mingi kitwitwi kwangu alikuwa kidude cha kijivu kinachokimbia mchangani. Siku moja ya bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, nikafuatana na jirani yangu kwenda kuchokoa pweza mwambani. Kundi la vitwitwi kama arubaini limesimama kwenye kidimbwi, wote rangi ya majivu, ila mmoja kifua chekundu kama tofali. Nikadhani ameumia, ile ni damu. Jirani hata hakuinua kichwa: “Huyo ameshavaa ya harusi. Wiki mbili zijazo humwoni.” Nikarudi baada ya siku tano, wekundu walikuwa sita. Baada ya siku kumi sikuweza tena kuhesabu wa kijivu na wekundu, walikuwa wamechanganyika tu.

Baadaye nikajifunza kwamba ni kweli. Hubadili manyoya hapa hapa kwetu, hula mchana na usiku kufuata maji yanavyotoka, na wengine hukaribia kuongeza uzito maradufu kabla ya safari. Yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo, anayegeuka rangi ya kutu mwili mzima, kwao ni kaskazini kabisa mwa Siberia. Hapa anakula vijidudu vya tope nyuma ya hoteli.

Ushauri kwa mgeni wa mambo haya. Ufuo wetu unaelekea mashariki, na wengi huenda asubuhi. Asubuhi jua linakupiga usoni na ndege wote ni weusi watupu. Siku za bamvua maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi, yakajaa mnamo saa kumi jioni. Basi nenda saa nane mchana. Maji yanapanda, yanawasukuma ndege kuja kwako, na jua liko mgongoni. Wewe kaa kitako tu, usiwafuate.

Bi Mkubwa Mikindani

Mwanangu Mwamba, umenikumbusha mbali. Mimi darubini sina wala siitaki, lakini miaka nimekaa pale chini kwenye mikoko nikingoja mashua za samaki, na kungoja ni kazi. Ndege niliyemjua kwanza ni sululu, yule wa mdomo mrefu uliopinda kama mundu. Hupiga mluzi haraka haraka mara saba, hesabu uone.

Sasa mtazame akila. Kaa wale wadogo wenye gando moja kubwa wametoka mashimoni. Yeye anakwenda taratibu, kama mtu aliyeangusha shilingi. Ghafla mdomo wote umezama shimoni. Akimtoa kaa, hamli vivyo hivyo. Anamshika mguu, anamtikisa mpaka miguu inapuruchuka mmoja mmoja, kisha anakwenda naye kwenye maji na kumsuuza lile tope. Wallahi anamsuuza! Ndipo ammeze. Nilikuwa na wajukuu wawili pale, wale wasionawa mikono mpaka uwaite mara tatu. Nikawaambia tazameni.

Leso Mbili

Hahaha Bi Mkubwa, hiyo ya kusuuza nitaitumia kwangu leo usiku.

Tuktuk ya Kisauni

Mimi yangu ni aibu, lakini nitasema. Nilinunua darubini ya mtumba Kongowea, jicho moja lina ukungu, jingine safi. Nikaenda ufuo wa Pirates Jumapili. Mnaijua Pirates Jumapili, watu kama siafu. Nilikuwa nawatafuta wale weupe wadogo wanaokimbizana na wimbi: wimbi likirudi wanalifuata, likija wanalikimbia, miguu haionekani kwa kasi. Nilisoma kwamba hawana kidole cha nyuma kama wenzao, nikataka nihakikishe kwa macho yangu.

Nikapiga magoti, darubini usoni. Ndege kaenda kushoto, nami kushoto. Kaja kulia, nami kulia. Sikujua kwamba nyuma ya ndege, kwenye maji ya magoti, kuna akina dada wanaoga na leso zao. Nikahisi kivuli. Kaka mtu amesimama, kifua kama mlango.

“Ndugu, watazama nini?”

“Ndege.”

“Ndege gani huyo avaaye leso?”

Watu walishaanza kukusanyika. Kitu kilichoniokoa ni kwamba nilimpa darubini nikamwonyesha pa kutazama, nikiomba Mungu wale ndege wasiruke. Hawakuruka. Akatazama, akanyamaza. Akaniuliza, “Mbona hawachoki?” Akakaa na darubini yangu karibu nusu saa, akina dada wameshakauka na wamemwita mara mbili. Mpaka leo hunipigia simu akiona ndege asiyemjua, na kila mara ni yangeyange.

(Kidole cha nyuma kweli hawana.)

Dau la Mwisho

Nyinyi watu wa ufuoni mwatazama ndege kwa raha. Sisi huko nje ya mwamba twawatazama kwa ajili ya mfuko. Wakizunguka juu tu bila kutumbukia, usihangaike, samaki wako chini sana. Wakianza kujipiga majini mmoja mmoja kama mawe, geuza chombo. Hapo pana dagaa juu, na chini ya dagaa pana jodari anayewasukuma. Nahodha aliyenifunza hakuwa na chombo chochote cha kupimia zaidi ya hao. Sisi twawaita shakwe wote.

Kisa changu ni cha maleleji, Aprili, pepo zimekufa. Bahari kioo, tanga limelala kama nguo ya kuanikwa. Akaja mbayuwayu mmoja kutoka upande wa nchi tusioweza kuuona, akatua kwenye foromali, ule mti unaoshika tanga. Alikuwa amechoka mpaka mabawa hayafungi vizuri, yananing’inia. Kijana mmoja akanyoosha mkono, nahodha akamkemea kwa sauti ambayo sijamsikia tena akiitumia. Akaweka maji kidogo kwenye kifuu, akakiegemeza kwenye fundo la kamba karibu naye. Kama alikunywa sikuona. Alikaa mpaka alasiri, upepo wa kwanza wa kusini ukaja, tanga likajaa, naye akaruka. Akaelekea kaskazini, sisi tukarudi nyumbani. Siku hiyo tulipata samaki wachache sana, na nahodha hakulalamika.

Mwamba wa Nyali

Dau la Mwisho, shikamoo. Ila kwa heshima yako, shakwe si wote. Wenye mwili mzito, kichwa cheusi cheusi na mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu ni shakwe. Wale wembamba wenye mkia wa panda wanaojipiga majini ni buabua.

Dau la Mwisho

Marahaba. Buabua huyo akinionyesha jodari, nitamwita jina lolote utakalo.

Mwanafunzi wa Likoni

Mimi nimeanza juzi juzi tu, chuoni. Kenya ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na mimi nilikuwa nawajua kunguru, kuku na yangeyange. Mwaka jana mwezi wa Machi tukapanda matatu ya Malindi, watu wanne, tukashuka Gede kwenda Mida, kwenye hori la mikoko. Pale kuna njia ya mbao iliyoning’inizwa kwa kamba, inapita ndani ya mikoko mpaka kwenye tope, na ada yake huchangia karo za watoto wa vijiji vya kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Inayumba. Mwenzetu mmoja aliivuka akiwa amefumba macho, na akapitwa na nusu ya ndege.

Tulimfuata yule mla kaa, mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama kisu cha kupasulia nazi. Kuna mzee alimwita membe, sijui kama kila mahali wanamwita hivyo. Kijana aliyetutembeza alitwambia mambo yake nikadhani anatunga, nikaenda kuhakikisha maktaba. Hazai kwetu. Huzaa Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, tena huchimba shimo refu mchangani kama kaa mwenyewe na kutaga humo yai moja tu, jeupe. Katika jamaa zake wote wa ufuoni, wa kutaga shimoni ni yeye peke yake.

Lakini nilichokiona kwa macho ni hiki. Kulikuwa na mkubwa na nyuma yake mtoto. Nasema mtoto, kimo wanalingana kabisa, ila huyo mgongo wake ni wa kijivu, haujawa mweusi. Miezi imepita tangu atoke shimoni, amesafiri bahari nzima kwa mabawa yake mwenyewe, na bado anamfuata mzazi huku amejikunja mabega akilia apewe kaa. Mkubwa akakamata, akampa. Akakamata wa pili, akala mwenyewe haraka haraka kabla mtoto hajafika. Tulicheka sana. Mama yangu hunilipia nauli mpaka leo.

Jioni wakaja keremkerem wekundu, wale wa kichwa cha kijani na mwili rangi ya waridi iliyoiva. Wanalala kwenye mikoko kule. Kwanza kumi, kisha hamsini, kisha mti mzima ukabadilika rangi. Simu yangu ilikuwa imekufa chaji. Matatu ya mwisho tuliipata kwa kukimbia.

Bi Mkubwa Mikindani

Huyo mla kaa basi ashika njia ile ile ya majahazi. Marehemu baba alikuwa kuli bandari ya kale, akisema majahazi ya Waarabu huja na kaskazi, hukaa yakiuza mazulia na tende, na kusi ikianza kuvuma hurudi kwao. Ukichelewa kusi ikakaza, wabaki mwaka mzima.

Shangazi wa Bamburi

Mwasema ndege wa Siberia na wa Ghuba, mimi sina hata ndege wa uani. Nilikuwa na shore wawili, walijenga kwenye mlimau nje ya jiko langu. Nilikuwa nawaona nikikuna nazi, wana vishungi kama kofia zilizokaa vibaya. Mayai matatu, yakaanguliwa, vifaranga vina midomo kuliko mwili. Asubuhi ya siku ya nne wakaja kunguru watatu. Mmoja akasimama ukutani kunitazama mimi na mwiko wangu, wawili wakaingia mtini. Haikuchukua hata dakika. Shore walizunguka wakilia mpaka adhuhuri.

Hawa kunguru si wetu. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wale taka, na tangu miaka ya 1940 wako hapa Mombasa. Taka haziishi, na wao hawaishi. Yule kunguru wa zamani mwenye kifua cheupe mwamwona wapi siku hizi mjini? Mimi sijamwona tangu nikiwa msichana. Tunalipa nauli kwenda Mida kutazama ndege, na wetu wanaliwa mlangoni tukiwa na mwiko mkononi. Hilo ndilo linaloniudhi.

Tuktuk ya Kisauni

Shangazi, mimi nilimwona wa kifua cheupe barabara ya Kaloleni. Mjini sijamwona.

Leso Mbili

Swali la haraka: ndege yule wa kahawia ajifichaye kichakani, alia “du du du du” kama maji yanamiminwa kutoka chupani, ni nani? Bibi asema akilia mvua yaja.

Bi Mkubwa Mikindani

Dudumizi. Anua nguo zako.

Mwamba wa Nyali

Samahanini, nilipotea. Leo ni tarehe ya mwisho wa Aprili na Bi Mkubwa alisema kweli, mvua ya mwaka imetushukia. Kusi imekaza, ufuo umejaa mwani mpaka harufu inafika barabarani. Nilipitia jana saa nane, maji yakipanda, jua hakuna. Pale kwenye kidimbwi cha vitwitwi sikukuta kundi. Wekundu wote wamekwenda.

Walibaki watatu, wa kijivu. Wa mwaka jana hao, waliozaliwa majuzi; wengi wao mwaka wa kwanza hawarudi, hukaa huku mpaka wenzao waje tena mnamo Agosti. Wamesimama mguu mmoja mmoja, migongo kwa upepo, manyoya yamepindwa kinyume. Yule jirani yangu wa pweza alikuwa anapita na mkuki na ndoo tupu. Nikamwuliza mbona hawa hawakuvaa. Akasema bado hawajaposa.