Taa za bustani ya umma: nguzo za mita 8 au mita 4.5?

MchoraBustani
Wakuu, naomba mnikosoe kabla michoro haijasainiwa. Njia kuu ina urefu wa mita 600 na upana wa mita 3. Upande mmoja kuna miti mikubwa, wa pili bwawa. Pendekezo ni nguzo za mita 8 kila baada ya mita 40, LED za wati 100, mwanga mweupe wa kelvini 6500, zote kwenye kebo moja ya shaba ya milimita 4 za mraba kutoka langoni. Wastani wa mwanga unaofika ardhini, kwenye hesabu, unazidi luksi 10 (luksi ni kipimo cha mwanga huo). Kuna kasoro?

FundiMwanga
Kasoro imejificha kwenye huo wastani. Unabebwa na duara kali chini ya kila nguzo, na jicho likishazoea duara hilo, mita 20 za mbele huonekana shimo jeusi. Kiwango cha Ulaya EN 13201, daraja P4 (la njia za waenda kwa miguu), kinataka wastani wa luksi 5, na penye giza zaidi pasipungue luksi 1. Anza na hiyo 1.

Shusha nguzo hadi mita 4.5. Kwenye mita 8 taa inaingia katikati ya matawi na majani yanameza mwanga. Panga kila mita 20, taa kama 30 za wati 30, zenye lenzi inayorefusha mwanga kufuata njia. Usikubali kuzisogeza hadi mita 30 ili kubana gharama: hata taa ikirusha nguvu ileile kuelekea katikati, mwanga unaofika ardhini pale hushuka hadi karibu theluthi, maana umbali umeongezeka na mwale unafika ukiwa umelala zaidi.

Pima pia mwanga wa usoni, mita 1.5 kutoka ardhini. Taa fupi za kiunoni huangaza viatu, halafu uso wa anayekuja huujui mpaka mpishane.

Kelvini 6500 iondoe. Bluu yake huvuta wadudu, na hapo una bwawa. Weka 2700, kando ya maji 2200 (namba ikishuka, mwanga huwa wa manjano zaidi), kioo kiwe bapa ili mwanga usipande juu.

WayaNaEthi
Naongeza upande wa umeme, kwa taa hizo 30. Jumla ni wati 900, kama ampea 3.9 kwa volti 230. Ukilisha kutoka langoni, taa ya mwisho inapoteza volti kama 11. Draiva za LED (vifaa vinavyolisha umeme ndani ya taa) zinavumilia hilo, kwa hiyo wengi wanaishia hapo na kuridhika.

Hatari ni shoti. Kebo ya mita 600, kwenda na kurudi, ina ukinzani wa omu 5.25, shoti ya mwisho wa njia inavuta ampea 44 tu, wakati breka ya C10 (swichi ya kinga ya ampea 10) huenda ikahitaji 100 ili ikate papo hapo. Breka inaweza kuchelewa sekunde kadhaa kukata, huku kebo ikipata joto. Ukikimbilia B10, inayokata kwa umeme mdogo zaidi, mkupuo wa umeme wa draiva 30 zikiwaka pamoja unaweza kuirusha kila jioni.

Weka kisanduku katikati ya njia, matawi mawili ya mita 300, kebo ya milimita 6 za mraba. Shoti ya mwisho inafika kama ampea 130, ukihesabu kuanzia kisandukuni. Ongeza kifaa cha kukata umeme unaovuja kwa kila tawi. Maungio yote yawe ndani ya nguzo, nyuma ya kidirisha cha nguzo; ungio lililofukiwa hunywa maji.

MchoraBustani
Asanteni sana, nachora upya. Baada ya saa sita usiku nizime taa moja moja kwa kupishana?

FundiMwanga
Hapana mkuu, utakuwa umerudi kwenye mita 40. Punguza zote kwa pamoja hadi asilimia 40 hivi, kwa draiva zenye ratiba ndani yake. Na mtaro wa kebo upite mbali na mizizi; panapobana chimbeni kwa mkono.