Walimu wa kwaya, acheni kutuimbisha opera ambazo hadithi zake hatuzijui

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni haja ya kuificha. Nimechoshwa na mtindo uliozoeleka katika kwaya na vikundi vya muziki, ambapo mwalimu anagawa kurasa chache zilizonyofolewa kutoka katika opera nzima, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, anabonyeza sauti ya kuanzia kwenye piano, anafundisha kila sauti mstari wake, kisha anatupandisha jukwaani bila kutuambia ni nani anayeimba, anamwimbia nani, na ni jambo gani limetokea dakika moja kabla mtu huyo hajafungua kinywa. Ukimuuliza, jibu ni lile lile kila siku: muda hautoshi, tushughulikie nota kwanza. Hiyo "kwanza" sijawahi kuona ikifuatwa na "pili".

Kilichonifanya nishindwe kuendelea kunyamaza ni hiki. Kwaya ninayoimbia iliandaa tamasha la nyimbo za opera, na wimbo wa kufungia ulikuwa "Nessun dorma" kutoka Turandot ya Giacomo Puccini, ule ambao Luciano Pavarotti aliufikisha hata kwa watu wasiojali opera kabisa wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 1990. Mwimbaji wetu wa solo, kijana wa sauti ya tatu, yaani teno, sauti ya juu ya wanaume, alikuwa hodari na sina neno naye. Sisi wanawake tuna kifungu kifupi katikati ya wimbo, cha sauti ya chini inayokaribia mnong'ono. Mwalimu alituagiza tukiimbe kwa tabasamu pana na mabega yakiyumba kidogo, kwa sababu, kwa maneno yake, huu ni wimbo wa ushindi.

Ushindi wa nani? Turandot ni binti wa mfalme anayewakatisha vichwa wachumba wote wanaoshindwa kutegua vitendawili vyake vitatu. Calaf, mgeni ambaye jina lake halijulikani mjini, anavitegua vyote, lakini binti anakataa kuolewa naye, ndipo Calaf anapompa nafasi nyingine: akiligundua jina lake kabla ya mapambazuko, yeye Calaf atakubali kufa. Turandot anatoa amri kwamba usiku ule mtu yeyote asilale, na kwamba jina la mgeni lazima lipatikane kabla ya asubuhi, la sivyo adhabu ni kifo. Calaf anaimba akiwa na uhakika wa mapenzi yake, na hizo sauti za wanawake zinazosikika kutoka mbali, nyuma ya jukwaa, ni za wakazi wa mji wanaosema kwamba jina lake hakuna atakayelijua na kwamba wao, ole wao, itawabidi kufa. Hayo ndiyo maneno tuliyoagizwa kuyaimba huku tukionyesha meno! Muda si mrefu baadaye, katika tendo hilo hilo la tatu, kijakazi Liù, ambaye anampenda Calaf bila kupendwa, anateswa ili alitaje jina, naye anajiua asije akalitaja.

Mtu asidhani kwamba nalalamikia sura za uso tu. Hadithi hiyo inabadilisha uimbaji wenyewe. Mtu anayesubiri kuuawa asubuhi havuti pumzi kama mtu anayeshangilia, na kundi la watu wenye hofu haliimbi kwa sauti iliyofunguka na kung'aa kama la watu walioalikwa kwenye sherehe. Puccini aliandika kifungu kile kiwe cha mbali na cha chini kwa sababu ya kilichomo ndani yake, na mwimbaji akishaelewa hivyo, mwalimu hana haja ya kumkumbusha mara kwa mara apunguze sauti. Sisi tulikumbushwa kila zoezi, na kila zoezi sauti zilipanda tena, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kutabasamu kwa ushindi na wakati huo huo akanong'ona kwa muda mrefu.

Hata ile nota ya juu ya mwisho ambayo kila mtu anaisubiri, Puccini aliiandika fupi, na nota inayoifuata ndiyo ndefu. Isitoshe, ndani ya opera wimbo ule haufungwi kwa kishindo ili watu wapige makofi: muziki unaendelea moja kwa moja, kwa sababu usiku haujaisha na mji bado uko hatarini. Ule mwisho wa kishindo umetengenezwa kwa ajili ya matamasha. Sina ugomvi na matamasha, lakini mwimbaji ana haki ya kujua kwamba anachokiimba kimefungiwa mlango usiokuwepo.

Mfano wa pili ni "La donna è mobile" kutoka Rigoletto ya Giuseppe Verdi, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Venice mwaka 1851. Katika matamasha unaimbwa kama wimbo wa kuchangamsha watu, teno anakonyeza macho, watu wanapiga makofi kwa mdundo. Anayeuimba katika hadithi ni mtawala wa Mantua, mwanamume ambaye amekwisha kumharibia maisha Gilda, binti wa pekee wa mchekeshaji wake Rigoletto, na sasa yuko katika nyumba ya wageni akitafuta mwanamke mwingine huku akiwalaumu wanawake kwa kutokuwa waaminifu. Rigoletto amemlipa muuaji ammalize mtawala huyo. Usiku anakabidhiwa gunia, anaamini mwili uliomo ni wa adui yake, na yuko tayari kulitupa mtoni, mara anaisikia kwa mbali ile ile sauti ikiimba ule ule wimbo. Mtawala yu hai. Rigoletto anafungua gunia na kumkuta binti yake anakata roho, kwa sababu Gilda alijitoa auawe badala ya mtu aliyemdanganya.

Sasa niambieni, ni kwa nini Verdi alimpa mtawala wimbo mwepesi kiasi kile, unaonasa sikioni mara moja? Alitaka tuutambue papo hapo ukirudi, kabla hata Rigoletto mwenyewe hajasema kitu. Wepesi wake ndio ukatili wake. Teno anayelijua hilo ataendelea kuuimba kwa raha, maana mtawala hana habari na lolote na hana majuto, lakini ataacha kujipendekeza kwa hadhira, na raha yake itatisha. Asiyelijua anatuletea kichekesho. Nimeshakaa nyuma ya teno wa namna hiyo jukwaani nikitamani pazia lishuke.

Wapiga ala nao wasijitoe kwenye lawama. Ile "Méditation" ya fidla kutoka Thaïs ya Jules Massenet, ya mwaka 1894, inapigwa kila mahali kama wimbo wa kubembelezea mtoto. Inapoanza, Thaïs, kahaba mashuhuri wa Aleksandria, ametoka kumwambia mtawa anayemhubiria kwamba yeye atabaki kuwa Thaïs na haamini chochote, na kicheko chake kimegeuka kilio. Fidla inapiga usiku wote wa mwanamke huyo akipigana na nafsi yake, na ikimalizika amekwisha kuamua kuyaacha yote na kumfuata mtawa jangwani. Ndiyo maana katikati muziki unachafuka, unapanda na kuongeza shauku kabla ya kurudi kwenye ule utulivu wa mwanzo. Mpiga fidla asiyejua hadithi huwa anaionea aibu sehemu hiyo ya katikati, anailainisha ifanane na mengine, na matokeo yake ni dakika kadhaa za utamu mtupu zisizokwenda popote.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Lakmé, opera ya Léo Delibes iliyoonyeshwa kwanza Paris mwaka 1883. Wasoprano, yaani wanawake wa sauti ya juu, wanaupenda Wimbo wa Kengele kwa sababu ya sauti za juu kama za kengele zenyewe, na kwa kawaida wanauimba kama wanasesere waliotiwa ufunguo, vichwa vikiinama huku na huku. Katika hadithi, Lakmé anaamriwa na baba yake, kuhani Nilakantha, aimbe sokoni mbele ya umati ili mwanamume aliyethubutu kuingia katika eneo lao takatifu ajitokeze na kutambuliwa. Binti ni chambo. Anampenda mtu yule yule anayetegewa, kwa hiyo kila sauti nzuri anayoitoa inaweza kuwa ndiyo itakayomponza. Wimbo ukiisha baba anamlazimisha aendelee kuimba, naye anatetereka anapomwona Gérald, na baba anakuwa amempata aliyemtaka. Baadaye kidogo Gérald anachomwa kisu. Kila nikimwona msoprano amefunzwa madoido yote ya wimbo huo na hakuambiwa hata sentensi moja ya jambo hili, namwonea huruma yeye na nawakasirikia waliomfundisha.

Kuna nyingine nyingi ambazo sitazirefusha. "O mio babbino caro" ya Puccini inaimbwa misibani kama sala, ilhali ni binti anayemshinikiza baba yake kwa kutishia kujitosa mtoni, ndani ya opera ya kuchekesha inayohusu wosia wa kughushi. Wimbo wa Malkia wa Usiku katika opera ya Mozart ya mwaka 1791, Die Zauberflöte, umegeuzwa mashindano ya kufikia sauti za juu, wakati kilichopo ni mama anayemkabidhi binti yake kisu na kumwambia asipoua atamkana. Na muziki wa harusi wa Lohengrin ya Wagner ni wa ndoa ambayo haikumaliza hata usiku wake wa kwanza. Maharusi wautumie wapendavyo, lakini kwaya inayouimba ingefaa kuwa na habari.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nimeshaambiwa ana kwa ana: muziki mzuri unajitosheleza, na watunzi wenyewe walikuwa wakihamisha tuni kutoka hadithi moja hadi nyingine. Ni kweli walihamisha. Tuni ya "Lascia ch'io pianga", ambayo Handel aliiweka katika Rinaldo mwaka 1711 kwa ajili ya Almirena aliyetekwa na anayelilia uhuru wake, alikuwa ameitumia mwaka 1707 kwa maneno mengine kabisa, na kabla ya hapo mwaka 1705 ilikuwa dansi. Lakini Handel alijua anaitoa wapi na anaipeleka wapi. Aliihamisha tuni hiyo macho yakiwa wazi. Mwalimu anayetugawia kurasa bila kuisoma hadithi hajahamisha chochote, amekiokota tu, na asijifiche nyuma ya Handel.

Wengine watasema kwamba wasikilizaji hawaelewi Kiitaliano wala Kifaransa, kwa hiyo hawatagundua. Hoja hii ndiyo mbaya kuliko zote. Msikilizaji asiyeelewa lugha hana kitu kingine cha kushika isipokuwa sauti ya anayeimba, uzito anaoutia kwenye neno, mahali anapokata pumzi na mahali anapositasita. Ikiwa mwimbaji naye haelewi, basi ukumbi mzima hakuna hata mtu mmoja anayejua kinachosemwa, na tunakaa humo kwa saa nzima tukipongezana.

Muda nao usiletwe kama kisingizio. Kuusimulia mkasa wa Turandot au Rigoletto kwa kinywa kunachukua muda mfupi kuliko tunaoutumia kusubiri wachelewaji. Kinachotakiwa si shahada ya muziki. Mwalimu asome libreto yote, yaani maneno ya opera nzima, na si ukurasa wa wimbo peke yake. Aangalie yaliyo kabla na yanayofuata. Aangalie maelekezo ya jukwaani ambayo mara nyingi yameondolewa katika nakala za kwaya, hasa yale yanayosema sauti fulani inatoka nyuma ya jukwaa au mbali. Kisha atueleze sisi ni akina nani katika wimbo huo: askari, wafungwa, wageni waalikwa, au umati unaoogopa. Ikiwezekana tuitazame opera yote ikichezwa kabla ya kukariri nota za mwisho, ili anayeimba mistari minne ajue mistari hiyo minne imekaa wapi.

Mimi kwa upande wangu nimemwandikia mwalimu wetu barua kumweleza kwamba tamasha lijalo sitapanda jukwaani kuimba wimbo wowote wa opera ambao hadithi yake haijasimuliwa mbele ya kwaya nzima, na kwamba kifungu cha wanawake katika "Nessun dorma" nitakiimba bila tabasamu hata akinipeleka mstari wa nyuma. Hajajibu. Wanakwaya wenzangu wawili wa sauti ya pili wameunga mkono, na wengine wananiambia pembeni kwamba nina haki ila hawataki matatizo. Walimu wa kwaya mliomo humu, naomba mjibu swali moja bila kuzunguka: mara ya mwisho mlipofundisha kipande cha opera, mliwaambia waimbaji wenu nini kuhusu mtu wanayemwimbia?