Uzazi au usingizi? Naomba ushauri
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mwana wa Faza, Lamu, nasomea udaktari, mwaka wa 5 kati ya 6. Nia yangu tangu utotoni ni udaktari wa uzazi: usiku mmoja khalati alishikwa na uchungu, boti ya kumpeleka hospitali ikabidi ingoje maji yajae kwenye mkondo wa Mkanda ndipo ivuke. Alinusurika, lakini sauti yake bado ninayo masikioni.

Sasa mwalimu wangu anisukuma kwenye dawa za usingizi. Asema hakuna upasuaji mkubwa, hata wa uzazi, bila mtu wa kumlaza mgonjwa usingizi au kumtia ganzi. Ni kweli. (Mama kacheka: "Usome miaka yote hiyo uje kulaza watu?")

Madaktari na wakunga mlio visiwani, pengo kubwa mnaliona wapi? Na nikimaliza mwaka wa mafunzo kazini, nirudi nyumbani kwanza au niunganishe moja kwa moja na masomo ya ubingwa?