Fasihi ya Kiswahili kwa kujisomea kwenye Diploma ya IB: tuanzie wapi?

mzazi_Maskati

Shikamooni wakubwa. Binti yangu, miaka 16, anaanza Diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa sekondari ya juu) hapa Maskati. Shule haina mwalimu wa Kiswahili ila imemkubalia asome Fasihi ya Kiswahili kama lugha A (kiwango cha mzawa wa lugha) kwa mpango wa kujisomea kwa msaada wa shule, ule unaoitwa SSST. Tumepata mwalimu wa tuisheni aliyeko Zanzibar, saa moja kwa wiki kwa video. Nyumbani tunaongea Kiswahili, lakini masomo yote kayasoma kwa Kiingereza. Vitabu tuvichague vipi? Saa moja inatosha? Na mwalimu afanye nini ndani ya saa hiyo?

vina_na_mizani

Marahaba, karibu. Mpango huu upo kwa fasihi peke yake, ngazi ya kawaida (SL). Anatakiwa asome kazi tisa za fasihi, angalau tatu kati yake ziwe tafsiri. Zichukue tanzu tatu, vipindi vitatu vya historia, na nchi au maeneo matatu yaliyo katika mabara yasiyopungua mawili. Wengi hukwama kwenye hilo la mabara, kwa sababu waandishi wa Kiswahili asilia karibu wote ni wa Tanzania na Kenya. Ukiongeza *Shujaa Okonkwo*, tafsiri ya *Things Fall Apart* ya Chinua Achebe, umepata Nigeria, lakini bado uko Afrika. *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Nyerere ya mwaka 1969, inakupa Ulaya na kipindi cha mbali kwa mpigo mmoja, maana kinachohesabiwa ni wakati wa Shakespeare.

Kwa ushairi wa kale, Utenzi wa Mwana Kupona (1858) unafaa sana: mama anamuusia binti yake, beti 102, kila ubeti vipande vinne vya mizani nane. Ila umeandikwa kwa lahaja za kaskazini, za Lamu na Pate, kwa hiyo tafuta toleo lenye maelezo ya maneno. Bila hayo binti atapoteza mwezi mzima kwenye kamusi.

Hakikisha kila mwandishi yumo kwenye orodha ya waandishi ya IB kabla ya kutoa hela, na mratibu wa Diploma apitishe orodha nzima kwa maandishi. Kisha agiza tafsiri kwanza. Riwaya na tamthilia za Kiswahili zinapatikana Dar na Nairobi bila shida. Tafsiri za zamani ndizo zinazoadimika. Mwalimu na mwanafunzi wawe na toleo moja, la sivyo nusu ya kipindi itaishia kwenye kutafutana kurasa.

mhakiki_wa_jioni

Kuhusu saa moja: IB inapanga saa 150 kwa somo la ngazi ya kawaida. Mkipata wiki 30 kwa mwaka, mwalimu anakupa saa 60 kwa miaka miwili. Zilizobaki 90 lazima ziwe kwenye ratiba ya shule, chumba kinajulikana na msimamizi anajulikana. Dai hilo sasa. Saa za "atasoma nyumbani" huliwa na hesabu na kemia.

Mwalimu asitumie kipindi kusimulia hadithi ya kitabu. Binti asome kurasa walizokubaliana, amtumie aya moja ya maneno 200 siku mbili kabla, na kipindi kiwe cha kuijadili aya hiyo. Miezi mitatu ya kwanza ajenge msamiati wa uhakiki, maneno kumi kwa wiki: nafsineni, toni, takriri, tashihisi, taharuki, mbinu rejeshi. Mtoto anayeongea Kiswahili kizuri mezani bado anaweza kukosa neno hata moja la kusemea shairi.

Tena mwangalie mwalimu mwenyewe. Sisi tuliolelewa na "fani na maudhui" tumezoea kuorodhesha: dhamira hizi, wahusika hawa, tamathali hizi. Karatasi ya kwanza ya IB haitaki orodha. Mwanafunzi anapewa matini mbili ngeni, anachagua moja, anaichambua kwa saa 1 na dakika 15. Tuseme mshororo ni huu:

*Mlango ule ule, kufuli lile lile, ufunguo mwingine.*

Ukiandika "mshairi ametumia takriri ili kusisitiza ujumbe" hujasema kitu, sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwenye shairi lolote. Andika hivi: "Kurudiwa kwa *ule ule* na *lile lile* kunamzoesha msomaji kwamba hakuna jipya, hivyo *mwingine* linapokuja mwishoni linamshtua, na hapo ndipo anapotambua kuwa aliyefungiwa nje ni mwenye nyumba." Mbinu ni ileile, lakini sasa imefanya kazi. Sentensi tano za namna hiyo kila wiki, kwa mkono, maana mtihani nao huandikwa kwa mkono.

mzazi_Maskati

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Na ule mtihani wa kuzungumza? Shule nao hawajui waanzie wapi.

vina_na_mizani

Una asilimia 30 ya alama zote, na karatasi mbili za kuandika zina 35 kila moja. Anachukua dondoo mbili, moja ya kazi asilia ya Kiswahili na moja ya tafsiri, kila moja isizidi mistari 40, na anazungumzia suala moja la kilimwengu linaloonekana kote kuwili. Anaruhusiwa muhtasari wa hoja zisizozidi kumi. Kwa SSST, rekodi inasahihishwa na watahini wa nje, kwa hiyo jaribuni kinasa sauti katika chumba chenyewe mapema.

"Ukoloni" au "dhuluma" ni suala pana mno, dakika zitaisha bado yuko kwenye utangulizi. Libane: mahakama kama mahali pa kumnyamazisha anayewatisha wenye nguvu. Hapo Karama, mshtakiwa katika *Kusadikika* ya Shaaban Robert, anakaa vizuri na Shylock, mkopeshaji Myahudi wa *Mabepari wa Venisi*.

Akishazitumia hizo mbili hapo, haruhusiwi kuzirudia karatasi ya pili, ambako analinganisha kazi mbili bila kitabu mkononi. Kwa hiyo atenge kazi tatu nyingine tangu mwanzo, mbili za kuandikia na moja ya akiba, na ahifadhi kwa kichwa dondoo fupi kumi za kila moja.