Baiskeli ya mtumba au jimu? Nina laki tatu, niko Mwanza

Mkolani_Juu
Wakuu, habari za jioni. Daktari kaniambia nipunguze uzito. Buzuruga nimeona baiskeli ya mtumba, ya gia, jamaa anataka laki mbili na themanini. Au nilipie jimu miezi kadhaa? Nataka niamue kabla ya Jumamosi.

FundiMakoroboi
Hujasema kitu mkuu. Umri? Kilo ngapi? Presha, sukari, magoti?

Mkolani_Juu
Samahani. Miaka 43, kilo 96, presha ya juu inasoma 148. Nauza duka mjini, kutwa nimekaa. Goti la kulia linauma nikipanda ngazi.

BabaKulwa
Hapo ni baiskeli, usihangaike. Uzito unabebwa na tandiko, goti linazunguka tu. Ila lipandishe tandiko mpaka mguu ukaribie kunyooka, likiwa chini ndilo linaloumiza goti. Mimi natoka Buhongwa kila siku na baiskeli, nina miaka 51.

Dada_Pasiansi
Barabara ya Kenyatta asubuhi, na daladala zile? Mtu hajapanda baiskeli tangu ujana! Kaka, nenda jimu. Kuna mwalimu wa kukuelekeza, na mvua haikuzuii.

MzeeWaKirumba
Kijana, tembea. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano. Shuka Mkuyuni, mjini ufike kwa miguu. Laki tatu yako ibaki mfukoni.

IgogoKwetu
Na ziwa je? Kuogelea ni bure na goti halibebi kitu.

Mwalimu_Bwiru
Ndugu yangu, hilo usimshauri mtu. Nami nilishauriwa hivyo hivyo. Nikawa naogelea kila alfajiri, pale kwenye matete, maji ya kiunoni, na mwili ukaanza kuwa mwepesi kweli. Baada ya miezi kadhaa tumbo likaanza kusokota, halafu damu chooni. Nikadhani ni amiba, nikameza dawa za duka la kwanza, nikameza za duka la pili. Mke wangu ndiye aliyenilazimisha kupima choo: kichocho cha tumbo. Vimelea vinatoka kwa konokono walioko kwenye maji ya kina kifupi, vinapenya ngozi, wala husikii. Nilipewa prazikwanteli nikapona, lakini dawa haikukingi, ukirudi majini unaambukizwa upya. Sijarudi.

IgogoKwetu
Pole sana mwalimu. Lakini sisi tumekulia humo.

Mwalimu_Bwiru
Ndiyo maana upime, mdogo wangu. Mtu anaweza kukaa nacho miaka mingi kikila ini taratibu.

MamaSato
Na sahani yake mmeiacha? Kaka, baiskeli haiwezi kufuta sembe mlima mzima usiku. Kula dona, tena kiasi, nusu ya sahani iwe mgagani au mlenda. Sato mchemshe na nyanya na ndimu, usimzamishe kwenye mafuta. Na kwa presha hiyo, chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate. Dagaa kula, unawatafuna na mifupa, wana madini.

BabaKulwa
Dona halishindi ugali wa mtama.

MamaSato
Mtama sawa, mimi ugomvi wangu ni sembe.

FundiMakoroboi
Dagaa wa siku hizi mchanga mtupu, mama. Unaosha mara nne bado wanakwaruza meno.

MamaSato
Hao wameanikwa chini. Nenda Mwaloni, uliza walioanikwa kwenye chanja. Bei imezidi kidogo.

Mkolani_Juu
Asanteni nyote. Jamaa kashuka hadi laki mbili na arobaini. Kesho naenda kuijaribu mpaka Nyakato na kurudi, nione goti linasemaje.

Dada_Pasiansi
Kofia ngumu umeiweka kwenye hesabu?

FundiMakoroboi
Mama, hao wa chanja kisado ni bei gani?