Mwendokasi kapinduliwa (kikundi: Ukoo wa Bi Tatu 🌴)

*Jumamosi*

Salma Leicester: Assalam aleykum ukoo, shkamooni wakubwa. Jamani naandika mkono unatetemeka. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri kuswali, napita sebuleni namkuta paka wetu Malkia kalala ndani ya boksi la kobe, kajikunja chini ya taa ya joto kama mtalii Nungwi, na Mwendokasi yuko pembeni yake chali, miguu juu 😭

Khamis Maskati: ngoja ngoja. kobe anaitwa Mwendokasi? 😂😂

Salma Leicester: watoto ndo walompa jina, tulipokuja Dar mwaka jana walipanda mabasi ya mwendokasi hawajasahau mpaka leo. Khamis huu sio wakati wa kucheka

Shangazi Zuhura: Waaleykum salaam mwanangu. Innalillahi. Kafa?

Salma Leicester: Hajafa shangazi, nilipomgeuza katoa kichwa akaniangalia kama mie ndo nilompindua. Alaf paka kajisaidia mle mle kwenye udongo wa kobe, kafukia vizuri kabisa kwenye kona, harufu ikanipanda nikakimbilia bafuni. Hamid ndo anasafisha saivi

Rama Dar: daah kwani dada una kobe tangu lini mbona sisi hatuna taarifa

Salma Leicester: Tangu mwezi wa tatu. Jirani yetu bibi wa kizungu kahamia nyumba ya wazee, watoto wake hawakumtaka kobe, akatuletea pamoja na cheti chake na boksi na taa. Ni wale wa Ulaya kusini wanaitwa Hermann, ana miaka mitatu, ukubwa wake andazi. Andazi la dukani, sio la bibi

Mwanaidi Mombasa: sasa Salma wewe paka wawili na kobe pamoja wa nini. ila usiogope sana, si mwakumbuka Owen yule kiboko wa tsunami ya 2004, alotolewa Malindi akaletwa hapa Haller Park, akaenda kumganda kobe Mzee wakawa walala pamoja. wanyama huzoeana

Rama Dar: na wale kobe wa kisiwa cha Changuu, paka anawapandia mgongoni wala hawana habari

Ami Seif: Mwanaidi, Rama, msimpoteze mwenzenu. Mzee ni kobe wa Aldabra na hao wa Changuu ni hao hao, waliletwa toka Shelisheli 1919, dume likikomaa linaweza kupita kilo 200, paka atamfanya nini, labda amkalie. Huyu wa Salma bado mdogo, gamba lake jembamba. Kwa paka hicho ni panya alovaa kofia. Hata pale Changuu vitoto vimefungiwa banda lao peke yao.

Khamis Maskati: panya alovaa kofia 💀

Ami Seif: Salma mwanangu, tulia unijibu. Moja, alikaa chali muda gani. Pili, umemwangalia mwili mzima, shingo na miguu yote minne na mkia, au umetazama gamba tu?

Salma Leicester: Muda sijui ami, jana saa nne usiku alikuwa mzima kajizika kwenye udongo. Taa inajiwasha saa kumi na moja kwa taima, nadhani alitoka kuota joto ndo akakutana na malkia wa nyumba

Ami Seif: Basi una bahati. Kobe mapafu yake yako juu, chini ya gamba la mgongo. Akilala chali tumbo lote linayakandamiza, na juu yake taa inamchoma, saa chache zinatosha kumuua na hasa mdogo kama huyo. Sasa mweke kwenye beseni maji ya vuguvugu, yafike kidevuni tu yasizidi, dakika 20. Usimwache peke yake. Halafu chukua tochi umwangalie.

Shangazi Zuhura: Sikiliza ami yako, huyu kaanza kutibu ng'ombe wa Wete wewe hujazaliwa

Salma Leicester: sawa ami nakwenda

Rama Dar: mimi ningempa ile dawa ya mbuzi ya kuchoma, aivamektini, babu alikuwa anasema inatibu kila kitu

Ami Seif: RAMADHANI. Aivamektini inaua kobe. Mbuzi sawa, ng'ombe sawa, kobe anapooza anakufa. Usimwandikie tena mtu kitu kama hicho hapa.

Rama Dar: samahani ami 🙏 nafuta

Salma Leicester: Nimerudi. Kanywa maji mengi, kaingiza kichwa chote. Alaf kakojoa, kumetoka kitu cheupe kizito kama chokaa, ami ndo ugonjwa huo??

Ami Seif: Hapana, mkojo wao ndio ulivyo. Ukiwa laini kama dawa ya meno hakuna neno. Ukikwaruza mkononi kama mchanga ujue hanywi maji ya kutosha.

Salma Leicester: alhamdulillah. Kwenye gamba kuna mikwaruzo miwili, juu juu tu. Ila mguu wa nyuma wa kulia kuna kitundu, kama kachomwa sindano, hakitoi damu hata

Ami Seif: Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa. Mikwaruzo ya gamba iache, osha kwa maji ya chumvi basi. Kitundu ni jino. Kinywa cha paka kina vijidudu, jino lake jembamba linavipeleka ndani kabisa na ngozi inajifunga juu, nje unaona kipele, ndani kunaoza. Na kobe hana homa utakayoishika kwa mkono, atakaa wiki mbili anakula vizuri kisha ghafla basi. Leo leo kwa daktari, tena anaejua kobe, sio kila wa paka na mbwa anawajua.

Salma Leicester: yupo mmoja mwendo wa dakika 40, ntampigia wakifungua

Shangazi Zuhura: Na huyo paka nae msimpige. Paka mnyama wa Mtume, yeye kaona pahala pana joto kaingia, huko kwenu hata mwezi wa tano baridi

Salma Leicester: shangazi hajapigwa, kala na kulala yuko kwenye sofa saivi. Sharubu, yule paka mwingine, nae ananikwepa macho, hataki kunitazama, nadhani anajua kesi

Mwanaidi Mombasa: hili la joto lafaa muliangalie sana. paka akipenda ile taa atarudi kila siku. na siku akiruka aiangushe kwenye makaratasi na zulia mwaungua nyumba nzima na kobe na paka wote

Khamis Maskati: da Mwanaidi kaongea. hiyo taa imefungwaje?

Salma Leicester: imebanwa na kile kibanio chake tu 😬

Khamis Maskati: toa. ining'inize kwa mnyororo toka juu, sio kubana pembeni. kibanio paka anaking'oa kwa mruko mmoja, mie paka wangu kang'oa pazia na fimbo yake

Salma Leicester: na nikifunika boksi kwa kioo si ndo mwisho wa kesi? Hamid anasema kuna kioo cha meza ya zamani kule gereji

Ami Seif: Usifunike kioo. Ile taa yake sio ya joto peke yake, ina mionzi kama ya jua inayomtengenezea mifupa na gamba, na kioo kinaizuia. Atakaa anaota mwanga mtupu na gamba litalegea na kupindapinda. Vilevile ndani kutakuwa tanuri. Tengeneza fremu ya mbao, weka wavu wa chuma kama wa banda la kuku, matundu mapana kiasi mkono wa paka usipite, maana wavu uliobana sana nao unakula mionzi. Kisha komeo. Paka hufungua kifuniko, komeo hawezi.

Khamis Maskati: wangu anaweza

Ami Seif: Wako Khamis mtafutie kazi.

Nuru Unguja: Assalam aleykum, niko na bibi hapa namsomea. Bibi anauliza huyo kobe anakula nini huko uzunguni

Salma Leicester: shkamoo bibi 😘 anakula magugu. Kuna jani huku limejaa kila bustani linafanana na mchunga wetu kabisa, ua la njano, utomvu mweupe, chungu hivo hivo. Kila asubuhi nachuma kama namchumia marehemu babu. Ila juzi nilimkuta kwenye sahani ya Sharubu anakula chakula cha paka, kasimama ndani ya sahani na miguu yote minne

Ami Seif: Hilo nalo acha kabisa. Kobe anakipenda chakula cha paka kama watoto wanavyopenda soda. Nyama nyama ile inamharibia figo na gamba linaweza kuota vilima. Ukimtoa atembee, sahani za paka juu kwanza, paka chumba kingine na mlango umefungwa. Usiseme niko hapa hapa naangalia. Paka anatumia nukta moja, wewe unatazama simu.

Nuru Unguja: Bibi anasema muokotee ule mfupa mweupe wa dome, yule wa jamii ya ngisi, babu alikuwa anaokota pwani anawekea ndege. Anasema kobe nae atautafuna

Ami Seif: Bi Tatu kasema kweli, ni chokaa safi kwa gamba.

Salma Leicester: huku mfupa wa dome unauzwa dukani ujue, kipande kimoja bei ya kilo ya sukari. Bibi nimekumbuka Jambiani jamani umejaa tele unaukanyaga tu

Mwanaidi Mombasa: haya na mie niulize, kijana wangu kaokota kobe barabara ya Kilifi, yuko kwa ndoo hapa uani, nikimuekea wavu kama huo si nae atakaa?

Rama Dar: mrudishe fasta, huyo wa porini, Kenya bila kibali cha KWS, wale wa wanyamapori, ni kesi hata kama umempa jina

Ami Seif: Arudishwe pale pale alipookotwa, ng'ambo ya barabara alikokuwa anaelekea. Leo.

Mwanaidi Mombasa: lo. na ashapewa jina tayari 🙈 haya, akitoka madrasa atamrudisha

*baadae mchana*

Salma Leicester: Tumetoka kwa daktari. Ami ulisema kweli, kakiangalia kile kitundu kasema ni jino la paka, limeingia ndani. Kasafisha, kapigwa sindano ya antibayotiki, na kila baada ya siku 3 nyingine. Kapigwa mguu wa mbele wakati kaumia wa nyuma, nikashangaa

Ami Seif: Sawa sawa. Damu ya miguu ya nyuma hupita kwenye figo kwanza, ndio maana. Huyo daktari mshike.

Salma Leicester: pia kasema kila mtu aoshe mikono akimshika na asioshwe kwenye sinki la jikoni, kobe anabeba salmonela hata akiwa mzima. Salha wangu alikuwa anambusu kila asubuhi 🤦🏽‍♀️

Shangazi Zuhura: Astaghfirullah. Na ule udongo aliojisaidia paka umeutupa wote? Usibakishe hata kijiko

Salma Leicester: Hamid katupa wote kaweka mpya. Mie sigusi, choo cha paka nimekatazwa kabisa

Shangazi Zuhura: Umekatazwa na nani

Salma Leicester: na mkunga

Rama Dar: 👀

Khamis Maskati: na NANI

Mwanaidi Mombasa: 😳😳😳 Salmaaaa

*Salma Leicester amefuta ujumbe huu*

Khamis Maskati: tushausoma dada

Shangazi Zuhura: NDO MAANA ASUBUHI UMEKIMBILIA BAFUNI. Mie nilisema moyoni, harufu ya choo cha paka mtu kazoea miaka yote leo iwe imempanda

Ami Seif: Mkunga kasema kweli. Kwenye choo cha paka kuna kijidudu kinachomdhuru mtoto tumboni. Udongo wa boksi nao usiuguse, kwa vile paka kashaingia humo. Na hongera sana mwanangu, Allah akupitishe salama.

Salma Leicester: jamani 😭 tulipanga kuwaambia wiki ya 12. Hamid ataniua, mama yake mwenyewe hajaambiwa

Rama Dar: kobe ndo katoboa siri 😂😂

Nuru Unguja: Bibi analia hapa. Anasema alhamdulillah. Sasa anacheka. Anauliza nyumba ina vyumba vingapi, maana paka wawili, kobe, Salha, kaka yake, na huyo anaekuja

Salma Leicester: viwili bibi

Nuru Unguja: Anasema basi boksi la kobe liwe na komeo mbili

Hamid (shemeji): Assalam aleykum wote. Nimetoka kununua wavu na mnyororo, nafungua simu nakuta missed call 14 na mama anauliza mkunga gani