Mrejesho: Ruta ya pili sasa inafunguka

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini dukani kwangu Nkuhungu, Dodoma, nikiandika 192.168.1.1 kwenye brauza ili nifungue ukurasa wa mipangilio wa ruta ya pili (ruta ni kifaa cha kusambaza intaneti), unafunguka wa ya kwanza. Kumbe zote zilikuwa na anwani hiyo hiyo!

Kuirudisha ya pili kwenye mipangilio ya kiwandani hakukusaidia, ilirudi kulekule. Kilichofanya kazi: niliichomeka peke yake kwenye kompyuta kwa waya, nikazima DHCP (huduma inayogawa anwani kwa vifaa), nikaipa 192.168.1.2. Ukurasa uliganda, nikaandika anwani mpya, ukafunguka. Kisha nikaiunganisha na ya kwanza kwa tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si WAN (la kupokea intaneti kutoka nje).

Printa bado inabadilika anwani kila umeme ukikatika, hilo sijalimaliza. Asanteni sana, hasa mkuu uliyekesha ukinielekeza.